Mnafundisha viyoyozi, mnapima nini?

Leo naomba ruhusa niache kidogo mambo ya programu na simu, niingie kwa jirani. Jirani mwenyewe ni fundi wa friji na viyoyozi, na hasa chuo kinachomfunza. Najua kuna watakaouliza: wewe ni mtu wa kompyuta, viyoyozi vinakuhusu nini? Vinanihusu sana. Kila barua pepe unayotuma, kila shilingi unayomtumia mama kwa simu, inapitia chumba fulani chenye mashine zinazotoa joto usiku na mchana. Chumba hicho kikikosa ubaridi, hakuna programu itakayokuokoa hata kama imeandikwa na malaika.

Niweke msimamo wangu mezani mapema ili tusipotezeane muda. Vyuo vyetu vinavyofundisha friji na viyoyozi havijui kama kozi zao ni nzuri au mbaya, kwa sababu vinapima vitu visivyofaa. Vinahesabu walioingia. Vinahesabu waliofaulu mtihani. Vinahesabu majengo. Havihesabu mashine zilizopona mikononi mwa wahitimu wao. Na mpaka siku mtakapoanza kuzihesabu, kila "uboreshaji wa kozi" mnaotangaza ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

Maneno makali? Subiri kwanza, nina sababu zangu.

GESI HAIISHI

Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na chumba kidogo cha seva na kiyoyozi kimoja ukutani. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha joto na kupooza hewa, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Mimi niliandika programu fupi ya kusoma joto la chumba kila baada ya dakika 5 na kuliweka kwenye faili. Kazi ya nusu siku, hakuna ajabu ndani yake.

Katika mwaka mmoja fundi aliitwa mara nne. Kila mara alisema maneno yale yale: "Gesi imeisha, naongeza." Akaongeza, akalipwa, akaenda. Faili langu lilionyesha hadithi nyingine. Baada ya kila ziara joto lilishuka vizuri, kisha baada ya wiki chache likaanza kupanda polepole, nusu nyuzi, nyuzi moja, mpaka tunafika 30 na seva zinaanza kupiga kelele.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kiini. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inachemka kwenye koili ya ndani na kubeba joto la chumba, inasukumwa na kompresa, inapoa kwenye koili ya nje na kuliachia hilo joto, inarudi. Kama imepungua, inavuja mahali. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na ile tabia yetu mbaya ya kuzima na kuwasha seva kila usiku kwa sababu programu inavuja kumbukumbu na hakuna anayetaka kufungua msimbo. Asubuhi kila kitu ni sawa. Tatizo liko palepale.

Yule fundi hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa na diploma, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Nilipomuuliza kwa nini hajajaza naitrojeni kwenye mabomba kwa shinikizo na kutafuta mvujo kwa povu la sabuni, aliniambia kwamba chuoni mtungi wa naitrojeni ulikuwepo lakini haukuwa na regyuleta. Miaka yote ya masomo, mtungi umesimama kwenye kona kama sanamu. Kwenye karatasi ya mtihani alieleza jinsi ya kutafuta mvujo na akapewa alama zote.

Chuo chake, ukikiuliza, kitakuambia huyu ni mfano wa mafanikio. Alifaulu, akapata kazi. Lakini mimi nina faili linaloonyesha joto likipanda mara nne. Kati ya cheti chake na faili langu, ni kipi kinachojua ukweli kuhusu ile kozi?

DAKIKA SITA

Hesabu ifuatayo haihitaji kompyuta. Chukua darasa la wanafunzi 30, mashine moja inayofanya kazi, na kipindi cha vitendo cha saa 3 kwa wiki. Dakika 180 ukigawa kwa 30 ni dakika 6 kwa kila mmoja. Muhula wa wiki 12: dakika 72. Mechi ya mpira ni dakika 90 bila nyongeza. Kwa hiyo mwanafunzi huyu anashika geji kwa muda mfupi kuliko anavyotazama mechi moja ya Jumamosi, na hapo nimefanya ukarimu wa kudhani kwamba stima haikupotea na mkufunzi hakuitwa mkutanoni.

Kwenye ratiba lakini inaandikwa: "Vitendo, saa 36." Mkaguzi anaona saa 36. Mzazi anaona saa 36. Ni saa 36 za nani? Za chumba. Za mwanafunzi ni saa 1 na dakika 12.

Nani anayepima hizo dakika? Nimeuliza wakufunzi kadhaa ninaowafahamu. Wanacheka kwanza, kisha wananyamaza.

NAMBA ZILIZOKARIRIWA

Mtu ambaye hajashika mashine vya kutosha hujilinda kwa kukariri. Katika ufundi huu namba ya kukariri ninayoisikia zaidi ni 68. "Jaza mpaka geji isome 68." Ina maana yake: kwa gesi ya R22, psi 68 kwenye upande wa shinikizo dogo ni koili inayochemsha gesi kwenye nyuzi 4 hivi. Baridi ya kutosha bila kuganda. Vizuri kabisa.

Sasa mpe kijana huyo kiyoyozi cha R410A, ambacho kimejaa madukani na maofisini kwetu. Kwa gesi hiyo nyuzi 4 ni kama psi 118. Akisimama kwenye 68 aliyoizoea, koili iko karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Inaota barafu, hewa haipiti, mwenye duka anaambiwa mashine ni feki ya Uchina. Hapana! Mashine haina kosa. Namba ndiyo ya gesi nyingine. Aliyefundishwa uhusiano wa shinikizo na joto angesoma jedwali, akapima joto la bomba, akajua amefika wapi. Aliyefundishwa namba hana pa kushika.

Kuna jingine ambalo mimi linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Kabla ya kujaza gesi ni lazima unyonye hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu. Vitabu vingi vya Marekani vinasema geji ya kawaida ishuke karibu na inchi 29.9 za zebaki. Ni kweli, ukiwa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama inchi 24 na nusu tu. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hiyo Nairobi, hata ukinyonya mpaka kusibaki kitu, sindano haiwezi kupita hapo. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kukikaribia kile kipimo cha kitabuni. Wa Nairobi ataendesha pampu mpaka Yesu arudi!

Dawa yake inajulikana: geji ya mikroni, inayopima kilichobaki ndani bila kujali mwinuko. Shusha mpaka mikroni 500 au chini, funga vali, subiri uone kama inapanda. Ikipanda kisha ikasimama, kuna unyevu. Ikizidi kupanda bila kusimama, kuna tundu. Kipimo kimoja, majibu mawili. Kaseti nzima ya mihadhara haiwezi kukufundisha hilo kama dakika 20 za kuitazama namba ikitembea mbele yako.

Naomba vyuo vya Nairobi, Nakuru na Eldoret vijiulize: kitabu chenu kinajua mko wapi?

UMILISI WA KARATASI

Najua jibu litakalokuja: "Ndugu mwanablogu, mambo yamebadilika. Siku hizi kuna umilisi." Ni kweli. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 ilileta TVETA ya kusimamia vyuo, na CDACC ya kuandaa mitaala na kutathmini kwa msingi wa umilisi, yaani kile mtu anachoweza kufanya badala ya kile anachokumbuka. Wazo ni zuri na ninaliunga mkono kwa mikono miwili. Lilikuwa limechelewa.

Lakini sisi watu wa programu tunajua ugonjwa mmoja. Ukimwambia mtu utampima kwa idadi ya mistari anayoandika, ataandika mistari mingi. Ukimpima kwa idadi ya hitilafu alizofunga, atazifunga bila kuzitibu. Kipimo chochote kinachojazwa na yule yule anayepimwa huoza. Ndivyo ilivyo hatari ya umilisi. Mwanafunzi anatakiwa kuwa na faili la ushahidi: picha, fomu, sahihi. Nimeonyeshwa mafaili ya aina hii. Katika mawili kati yao picha ya kulehemu bomba ilikuwa ile ile moja, mikono ile ile, saa ile ile mkononi. Ni mwanafunzi gani kati yao anayejua kulehemu? Labda mwenye saa.

Sisemi hivyo kumchongea mtu, ndiyo maana sitaji chuo. Nasema ili tusijidanganye kwamba tumebadilisha kozi kumbe tumebadilisha fomu.

NA NYINYI WENZANGU WA PROGRAMU

Msidhani nimewasahau. Kila ninapoleta mada hii mbele ya watengenezaji wa programu, baada ya dakika 5 mtu anatoa wazo: "Tutengeneze app! Wanafunzi wajifunze kwa simu! Miwani ya kuona kiyoyozi cha pande tatu!" Jameni. Fundi hakosi picha ya kiyoyozi. Anakosa kiyoyozi. Anakosa mtungi wenye regyuleta, mabomba ya shaba ya kuharibu, na mtu wa kumwambia "rudia" mara ya kumi na moja. Simu haikuunguzi kidole ukikosea kulehemu.

Wengine nao wanataka mfumo mkubwa wa usimamizi wa chuo, wenye nywila na moduli 14, wa mamilioni. Chuo kisichojua mhitimu wake yuko wapi leo hakihitaji moduli 14. Kinahitaji daftari, simu, na mtu wa kupiga hizo simu. Tukishakuwa na majibu ya simu mwaka mmoja, njooni na mifumo yenu, kutakuwa na kitu cha kuweka ndani.

KWA NINI HAIWEZI KUSUBIRI

Zamani fundi akikosea, aliyeumia ni mwenye friji. Leo mambo ni mazito zaidi, kwa sababu gesi zenyewe zinabadilika.

Mkataba wa Montreal wa 1987 ulilenga gesi zinazotoboa tabaka la ozoni. R22 ni mojawapo, na nchi zinazoendelea kama Kenya zinapaswa kufika 2030 zikiwa zimeiacha, isipokuwa kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine zilizopo. Kisha Oktoba 2016, hapo jirani Kigali, dunia ilikubaliana kupunguza na hizi zilizokuja baadaye, kama R410A, ambazo hazitoboi ozoni lakini zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R410A ikitoroka ni sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Kwa kundi letu la nchi matumizi yaligandishwa kuanzia 2024, na upunguzaji wa kwanza, asilimia 10, unafika 2029.

Zinazochukua nafasi yake ni kama R32, ambayo inawaka kidogo, na R290 na R600a, ambazo zinawaka hasa. R290 ni propeni, ndugu wa gesi yako ya kupikia. R600a iko kwenye friji nyingi mpya za nyumbani, angalia kibandiko nyuma ya yako. Hakuna haja ya hofu: friji ya nyumbani kwa kawaida haina zaidi ya gramu 150, na ikihudumiwa na anayejua ni salama. Anayejua. Huyu anafungua madirisha, anatoa gesi kwanza, anapitisha naitrojeni, ndipo anawasha moto wa kulehemu, kama hata anauhitaji. Asiyejua anafanya alivyozoea kwenye R22, gesi isiyowaka kirahisi: anakata bomba, anawasha moto. Jikoni kwako. Watoto wakiwa sebuleni.

Ongeza na friji ya chanjo zahanati, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishuka chini ya sifuri baadhi ya chanjo huharibika kabisa, na mtoto atadungwa maji. Ongeza samaki wa Lamu, maziwa ya Nyandarua, maua ya Naivasha yanayosubiri ndege. Vyote hivyo vinategemea kijana aliyeshika geji kwa dakika 72.

TUSIKIMBILIE CHETI CHA KIGENI

Kuna wanaosema tuige Marekani, ambako kozi hii hufundishwa pamoja na kupasha nyumba joto, kwa kuwa wenzetu wana theluji. Huko, tangu tarehe 14 Novemba 1994, hakuna ruhusa ya kufungua mashine yenye gesi hizi bila cheti kinachotokana na kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi. Ni jambo jema, na sisi pia tuna kanuni za NEMA za 2007 kuhusu kemikali hizi ambazo zingestahili meno zaidi.

Ila fahamu kilicho ndani. Mtihani ule ni maswali ya kuchagua jibu: 25 ya msingi, na mengine 25 kwa kila aina ya mashine. Hakuna mahali unapoombwa kushika bomba. Unathibitisha kwamba mtu anajua sheria ya kutoachia gesi hewani. Hauthibitishi kwamba anaweza kutibu kiyoyozi. Tukiuleta na kuufanya ndio kipimo cha kozi, tutakuwa tumeagiza karatasi nyingine kwa dola.

BASI TUFANYE NINI?

Kulalamika ni rahisi. Haya ndiyo ningefanya kama ningepewa idara moja ya friji na viyoyozi kwa miaka miwili:

1. Ningehesabu dakika za mikono. Kila kipindi, daftari: nani alishika nini, kwa muda gani. Mwisho wa mwezi ubandikwe ukutani. Aibu ya namba hiyo peke yake itanunua vifaa haraka kuliko barua kumi za maombi.

2. Ningeharibu mashine makusudi. Kapasita mbovu, chujio lililoziba, gesi pungufu, gesi iliyozidi, waya uliolegea. Mwanafunzi anapewa saa moja na vifaa vya kupimia. Haruhusiwi kubadilisha chochote mpaka aandike vipimo vyake na aseme ugonjwa ni upi. Anayesahihisha awe mtu asiyemfundisha. Sisi hatumwachii aliyeandika programu aijaribu peke yake, kwa nini mkufunzi ajipime mwenyewe?

3. Ningempigia kila mhitimu simu baada ya miezi 6, na tena baada ya miezi 12. Maswali manne: unafanya kazi hii? Gesi gani unakutana nazo? Mara ya mwisho kuitwa tena kwa mashine uliyotengeneza ilikuwa lini, na kwa nini? Kitu gani hukufundishwa ukakutana nacho? Lile swali la tatu ndilo dhahabu. Kazi inayorudi ndiyo hitilafu yetu, na orodha ya hitilafu ndiyo mtaala wa mwaka ujao.

4. Ningeipa kozi tarehe ya toleo. Programu yoyote makini inakuambia ni toleo la lini na nini kimebadilika. Kozi nayo iandike: toleo la mwaka huu, tumeongeza R32 na R290, tumepunguza R22, tumesahihisha vipimo vya vakyumu kwa mwinuko wetu. Kama miaka mitano hakuna mstari mpya, mzazi ajue analipia kitu kilichokufa.

5. Ningemrudisha mkufunzi kazini wiki tatu kila mwaka. Akashike mashine za sasa, kwenye hoteli, kwenye hospitali, kwenye vyumba vya baridi. Haidhuru akiwa na shahada mbili.

6. Ningefungua mlango kwa fundi wa jua kali. Kuna watu Gikomba na Kongowea wenye miaka 20 ya mikono na hawana karatasi. NITA ina mitihani ya ufundi ya madaraja inayoweza kuwapa cheti. Waje wafundishe kulehemu Jumamosi asubuhi, na mchana wafundishwe usalama wa gesi zinazowaka. Kila mmoja ana anachokikosa mwenzake.

"HATUNA PESA"

Nalisikia kabla halijasemwa. Jibu langu ni mawili.

Kwanza, mengi niliyoyataja ni daftari na simu. Mashine ya kuharibu haihitaji kuwa mpya, inahitaji kuwa hai. Hoteli zikibadilisha viyoyozi, vile vya zamani huenda kwa muuza vyuma chakavu. Geji ya mikroni pamoja na pampu ndogo ya vakyumu hazizidi bei ya kipakatalishi kimoja kizuri, na nimeona vyuo vyenye maabara ya kompyuta 40 zilizofunikwa na nailoni.

Pili, pesa zinakwenda popote. Karo na ruzuku hufuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo chuo kikiongeza vichwa kinaongeza mapato, hata kama dakika 6 zinakuwa dakika 4. Hapo ndipo Wizara inapohusika. Mkitoa pesa kwa vichwa mtapata vichwa. Toeni sehemu yake kwa dakika za mikono zilizokaguliwa na kwa simu za wahitimu zilizojibiwa, muone vyuo vitakavyobadilika.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mkufunzi mmoja aliniambia: "Mhitimu akiharibu kazi huko nje, si lazima iwe sisi. Huenda mwajiri hampi vifaa." Kweli kabisa. Ndiyo maana simu ina maswali manne badala ya moja. Lakini daktari hakatai kupima joto la mgonjwa kwa sababu homa ina chanzo zaidi ya kimoja. Anapima, kisha anatafuta.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kuuza ng'ombe ulipe karo, na wewe kijana kabla ya kujaza fomu, nenda idarani ukaulize mambo matatu. Mwanafunzi wa mwaka jana alishika mashine kwa dakika ngapi? Nipeni namba za simu za wahitimu watano, wawe radhi kuongea nami. Ule mtungi wa naitrojeni, naomba mniwashie nione. Wakikujibu bila kigugumizi, lipa. Wakikupeleka kukuonyesha jengo jipya, aga kwa heshima, panda matatu.

Wakufunzi na mafundi mnaosoma hapa, uwanja ni wenu. Kama chuo chenu tayari kinafanya hata moja kati ya hayo sita, niandikieni hapo chini, nitakisifu kwa jina. Na kama nimekosea namba yoyote, leteni geji.